Nilivyomzika Baba Mkwe Akiwa Sebuleni

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita kwa sababu muuza duka alilifungia sabuni, usihangaike. Shida zangu ni rahisi kuzidaka hata ukianzia katikati. Studio niliyokuwa napigia video za harusi ilifungwa, maana siku hizi kila mjomba ana simu na kila simu ina kamera. Nikaweka meza kwenye baraza la duka la vitambaa, nikaandika kwenye boksi: TUNAGEUZA DVD ZICHEZE KWENYE SIMU NA TV. Mke wangu akavumilia weee, kisha akafungasha akarudi kwao. Nikamfuata. Baba yake akanifungulia geti nusu.

Hapo ndipo nilipokuacha. Geti nusu, mzee ndani, mimi nje na jua langu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Una kazi?"

"Ninayo, baba. Nageuza DVD."

"Unazigeuza zinakuwa nini?"

Baba mkwe wangu alikuwa stesheni masta, yaani mkuu wa stesheni ya treni, na ingawa alishastaafu, mtaa mzima bado unamwita Stesheni Masta. Ni mtu wa kukuuliza swali moja halafu anatazama saa. Nikajieleza harakaharaka. Deki za kuchezea DVD zimekufa. Kompyuta mpya hazina hata pa kuingizia diski. TV mpya zina tundu la flashi tu. Mtu ana harusi yake kabatini na hana pa kuichezea. Mimi naitoa ile video kwenye diski, naigeuza iwe faili moja la MP4, linacheza popote utakapolichomeka.

Akanisikiliza. Akaingia ndani, akarudi na diski ndani ya kifuko cha plastiki, imeandikwa kwa wino mzito: KUSTAAFU.

"Hii sijaitazama tangu deki yangu ife. Jumapili wanangu watakuwa hapa. Iweke kwenye hiyo flashi yako, tuione kwenye TV. Ikicheza vizuri, mkeo afungashe muondoke. Isipocheza, usinigongee geti tena."

Geti likafungwa. Dirishani pazia likatikisika, nikajua mke wangu amesikia kila neno. Kitu ambacho sikukijua ni kama anaomba icheze au anaomba isicheze.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokitia kitumbua changu mchanga.

Kuna jambo kuhusu DVD ambalo watu wengi hawalijui. Ukizifungua kwenye kompyuta, mafaili ya ndani yana majina yaleyale. Harusi ya tajiri, mahafali ya chekechea, uzinduzi wa choo cha shule, zote faili la kwanza linaitwa VTS_01_1 na la pili VTS_01_2. Aliyebuni majina hayo alikuwa mvivu kuliko mimi. Ndiyo maana fundi mwenye akili kila diski huifungulia folda yake peke yake.

Mimi akili ninazo. Siku hiyo nilikuwa na haraka tu.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Mwenye Nyumba, yaani mama tunayepanga kwake, alikuwa ameniletea DVD ya mazishi ya mumewe. Watoto wake wanaishi mbali, hawakuwahi kuja kumzika baba yao, na sasa walikuwa wanakuja. Diski yenyewe ilikuwa imechubuka kama mtu ameitembeza kwenye kokoto. Nikaiosha kwa sabuni, nikaisugua kwa dawa ya meno, mambo ambayo siwezi kukueleza yanafanyaje kazi ila yanafanya. Ikasoma. Nikayanakili mafaili yake mawili kwenye folda moja ninayoiita KAZI. Nilipojaribu kuichezesha tena, ikagoma kabisa. Wala sikujali, si nilishanakili?

"Yako iko tayari, mama," nikamwambia nilipokutana naye kwenye ngazi. Nilikuwa bado sijaigeuza, lakini hayo ni mambo ya ufundi.

Kisha nikachomeka diski ya Stesheni Masta, nikaielekeza kwenye folda ileile ya KAZI. Kompyuta ikaniuliza: faili lenye jina hili lipo, libadilishwe au lirukwe? Nikiwa ndiyo naanza kusoma, simu ikalia. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka la vipuri vya magari na mdomo wa kuviuzia.

"Shemeji, nasikia mzee amekupa mtihani."

"Mtihani gani? Hii ni kazi yangu ya kila siku."

"Haya bwana. Ila ukifeli, usione haya. Dukani kwangu natafuta mtu wa kufagia."

Nikabonyeza "Badilisha" kama namfinya pua. Yeye akaendelea kucheka, na kompyuta ikaniuliza tena, swali lilelile, maneno yaleyale.

"Si nimeshakujibu?" nikaifokea kompyuta.

"Hujanijibu," akasema shemeji.

"Sisemi na wewe!"

Nikabonyeza "Ruka". Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikayaunganisha mafaili mawili, nikayageuza, nikapata MP4 moja safi. Nikatazama mwanzo wake. Stesheni Masta huyo anaingia ukumbini na kofia yake, bendi inapiga, sauti inasikika, picha haikatiki. Nikajipigia makofi peke yangu. Kutazama mpaka mwisho? Ndugu yangu, nani anatazama hotuba za kustaafu mpaka mwisho? Hata waliokuwepo hawakusikiliza. Nikaitia kwenye flashi, ya Mama Mwenye Nyumba nikaiweka kiporo mpaka nitoke ukweni.

Jumapili ikafika. Sebule ya wakwe imejaa. Stesheni Masta kochi la katikati, dada yake, tunayemwita Shangazi, ubavuni. Mama mkwe kwenye kiti cha pembeni. Shemeji amekunja nne, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mke wangu amesimama kwenye mlango wa kuelekea vyumbani, mikono kifuani. Alinipa salamu, si zaidi ya hapo.

Nikachomeka flashi. Nikabonyeza. Bendi ikalia.

"Inacheza!" akasema mama mkwe.

"Ngoja kwanza," akasema shemeji.

Ikacheza. Ikacheza mpaka shemeji akavua miwani. Stesheni Masta akawa kama mtoto mdogo. Kila aliyepita kwenye kioo alimnyooshea kidole.

"Yule alikuwa karani wangu, mwizi wa mafuta ya taa. Yule ameshakufa. Yule yu hai, bahati mbaya."

Wakampa saa ya ukutani, akapigiwa makofi kwenye TV na sisi tukapiga sebuleni. Nikamwibia mke wangu jicho. Mikono ilikuwa imeshuka kifuani. Nikaanza kupanga kichwani begi lake tutalibeba vipi.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, sasa tumsikilize mwenyewe!"

"Hapa ndipo nilipozungumza," akasema Stesheni Masta, akakaa vizuri.

"Tunajua, baba watoto. Tulikuwepo," akasema mama mkwe.

Kioo kikawa cheusi kidogo. Kisha likatokea jeneza.

Jeneza, kaburi, watu wamevaa meusi, na kilio ambacho spika za TV hiyo mpya zilikitoa bila kupunguza kitu.

"Uwiii! Kaka yangu!" akalia Shangazi, na kaka yake amekaa naye kochi moja.

Mama mkwe akashika kichwa. Shemeji akasimama. "Umemzika baba! Wewe mtu umemzika baba yetu!"

"Shemeji, ni majina ya mafaili, yamefanana..."

"Faili? Baba unamwita faili?"

"Huu ni uchuro!" akasema Shangazi. "Mtu mzima na afya yake, analetewa jeneza lake ndani!"

Nilikuwa nimeshapiga mbizi kuelekea kwenye flashi niing'oe.

"Acha," akasema Stesheni Masta.

"Baba, naomba nizime, nimekosea..."

"Nimesema acha. Kaa chini."

Nikakaa. Sote tukakaa. Kwenye TV kulikuwa na mzee mmoja amesimama pembeni ya kaburi, anaongea bila karatasi. Alisema marehemu akipita mtaani watoto walikuwa wanaacha mpira wanamkimbilia. Alisema ukiwa na shida, yeye alikuwa anaijua kabla hujafungua mdomo. "Nani hapa hajawahi kukaa kwenye benchi lake akasikilizwa?" akauliza, na badala ya kujibu watu wakaangua kilio. Jibaba moja la miraba minne likakaa chini kwenye mchanga, likalia kama mtoto.

"Huyo aliyekaa chini ni nani yake?" akauliza Stesheni Masta.

"Si ndugu, baba. Ni fundi baiskeli wa pale mtaani kwetu."

"Fundi baiskeli," akarudia polepole.

Akatazama mpaka udongo ukajaa, mpaka maua yakawekwa, mpaka kioo kikazima chenyewe. Ndipo hesabu ikanijia: kumbe swali la pili la kompyuta lilihusu faili la pili, na mimi nikaliruka la mzee. Kama nusu ya pili ya mazishi ilikuwa imebaki humu, basi nusu ya kwanza ndiyo niliyoibadilisha kwa sherehe ya mzee. Imefutika. Na diski yenyewe imeshakata roho. Nikawa nimekaa tu naitazama TV.

Stesheni Masta akatoa leso, akafuta macho. Sijawahi kumuona hivyo.

"Mimi wakati wananiaga, walinisifia nini?" akauliza.

Akatazama saa, akajijibu mwenyewe.

"Walisema nilikuwa nawahi." Akamgeukia shemeji. "Wewe ndiye mwanangu wa kiume. Siku nikilala mimi pale, utasimama useme nini?"

Shemeji akasimama. Akakaa. Akasimama tena. "Nitasema, baba... nitasema ulikuwa mtu wa ratiba."

Mama mkwe akaficha kicheko kwenye kiganja. Mimi sikucheka, si kwa adabu, kwa woga.

"Baba, unisamehe," nikasema. "Diski yako ni nzima. Nitairudia leo hiihii, hotuba yako itakaa mahali pake."

"Usiiguse."

"Baba?"

"Hotuba yangu naijua. Rudisha nyuma, pale fundi baiskeli anapokaa chini."

Shangazi akasusa akatoka nje. Mimi nikarudisha nyuma. Tukamtazama fundi baiskeli akikaa chini mara nyingine, na mzee, bila kuondoa macho kwenye kioo, akasema, "Mwanangu, kafungashe. Mumeo ana kazi."

Nusura nicheze. Mtu nimekosea kila kinachokosewa, nimemzika mzee nyumbani kwake mbele ya familia yake, na bado nimefaulu! Ng'ombe wa maskini leo kazaa mapacha!

"Sifungashi," akasema mke wangu.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikamfuata hadi kwenye kamba ya nguo, akawa anaanua mashuka yaliyokuwa bado yana unyevu.

"Filamu imempendeza baba," akasema. "Mimi nimeulizwa na nani?"

"Si ndiyo nakuuliza sasa?"

"Unadhani niliondoka kwa sababu ya njaa?"

"Kila mtu anasema hivyo."

"Wanasema kwa sababu wewe ndiye uliyewaambia. Hata gazetini umewaandikia, nimesoma." Akanitupia ncha ya shuka nishike, tukawa tunakunja. "Njaa naijua, hainiogopeshi. Niliondoka kwa sababu wewe ukiwa mezani kwako, mlangoni nyumbani nasimama mimi. Anakuja mama wa watu anaulizia harusi ya mwanawe. Namwambia umeme ulikatika. Anarudi, namwambia umekwenda msibani. Wiki moja nimekufishia wajomba mpaka nimesahau nani nilishamuua. Nimekuwa mwongo, mume wangu. Watu wananiheshimu, wananiamini, na mimi najua nawadanganya. Nimechoka. Najionea aibu."

Mimi nina mdomo mkali, unanijua. Siku hiyo ulitoa haya tu.

"Nyumba haina mtu," nikasema. "Nikirudi naongea na kabati."

Akatabasamu kidogo, kwa bahati mbaya. Halafu akauliza, "Yule marehemu ni nani?"

"Mume wa Mama Mwenye Nyumba."

"Yule baba wa kwenye benchi?" Mikono yake ikasimama. "Na mwenyewe ameshapata filamu yake?"

Nikakunja shuka.

"Nakuuliza."

"Nusu yake ndiyo hiyo anaitazama baba yako. Nusu nyingine nimeifuta. Na diski haisomi tena."

"Mungu wangu," akasema taratibu.

Na simu ikalia. Mama Mwenye Nyumba. Mke wangu akaona jina kwenye kioo. "Weka sauti kubwa," akasema.

"Fundi," sauti ya mama ikatoka, na nyuma yake vicheko na vikombe vinagongana, "wanangu wamefika. Wamekaa hapa, TV wameshaiwasha. Uliniambia iko tayari. Unaileta, au nitume mtu?"

Majibu niliyo nayo hayajawahi kuniangusha. Yalikuwa yamejipanga foleni, kila moja limeoga: umeme, kompyuta imezingua, nipo njiani. Mke wangu alikuwa ananitazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alisubiri tu, ameshika shuka la mama yake kifuani.

"Mama," nikasema, "nusu ya kwanza nimeifuta. Ni kosa langu. Na diski uliyonipa haisomi tena."

Vikombe vikaendelea kugongana. Kisha mlango ukafungwa, vikasikika kwa mbali.

"Nusu ya kwanza inaishia wapi?" akauliza.

"Pale jeneza linapofika kaburini."

"Kabla ya hapo ndipo walipomfunua uso," akasema. "Wanangu hawakumuaga baba yao, fundi. Wamesafiri kuja kumuaga."

Akashusha sauti zaidi.

"Mimi nimeshawaambia umemaliza. Siwezi kuwageukia sasa hivi. Njoo uwaambie wewe."

Akakata simu.

Mke wangu akaweka mashuka kwenye beseni, akaingia ndani. Nikasimama pale kwenye kamba kama nguo iliyosahauliwa. Akatoka na begi lake.

"Tunakwenda nyumbani?" nikauliza.

"Tunakwenda kwa Mama Mwenye Nyumba. Utaingia useme ulichosema kwenye simu, mbele ya wanawe, chote. Mimi nitasimama mlangoni nisikilize. Ukisema kweli, begi hili linaingia kwetu. Ukichomeka neno moja la umeme, narudi nalo kwa baba, na safari hii geti nitalifunga mimi."

Tukashika njia. Nilimwomba begi nimbebee, akakataa. Lakini nilikuwa na furaha, nikwambie ukweli. Ya kuaibika niliyajua, nimeaibika sana maishani. Ninaingia, nasema, natukanwa, nimempata mke wangu. Bei nafuu.

Tulipofika, Mama Mwenye Nyumba alikuwa ametoka nje, amesimama kwenye kibaraza mbele ya mlango wake, juu ya ngazi. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, bado anapanda ngazi na begi. Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniinamia sikioni.

"Fundi, nilivyokujibu nilikuwa na uchungu, unisamehe. Nimekaa nao nikawatazama. Huyu mkubwa hajalala vizuri tangu baba yake afe, anasema hakumuaga. Ukimwambia haipo tena, ataondoka na nini hapa?" Akageuka kutazama mlango. "Nakuomba kama mama yako. Sema umeme umeharibu kompyuta, utawatumia baadaye. Kesho wanaondoka. Waache waende wakijua baba yao yupo mahali."

"Mama, mimi..."

"Nimekuweka kwenye nyumba yangu vizuri. Sijawahi kukuomba kitu."

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke mtu mzima, bado na nguo za safari, sura ya marehemu ametembea nayo. Akaniona, macho yakajaa machozi hapohapo, akacheka nayo.

"Ndiye fundi?" akasema. "Mama kasema wewe ndiye uliyetutunzia. Umetuletea baba?"

Mama yake akanibana mkono. Nyuma yangu, mke wangu akamaliza ngazi, akaliweka begi chini.